Nuu na Nusu ya Njia

Juma hili, mama zetu na dada zetu, tunawaondoa kidogo mwambao na kuwapeleka bara, hadi Nuu katika kaunti ya Kitui, ambako tulikwenda kumzuru mwanafunzi wetu wa zamani mwenye duka huko.

Tulitoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, tukaiacha barabara kuu ya Nairobi pale Kibwezi, Makueni, tukapita Mutomo na mji wa Kitui hadi Mwingi, kisha tukashika njia ya mashariki. Nchi ile ni kavu. Kwa miezi mingi mito yake ni mchanga mtupu, na wanawake huuchimba mchanga huo kutafuta maji, punda na madumu yakingoja kandokando. Kilima cha Nuu huonekana kwanza. Soko liko chini yake.

Asubuhi ya pili tuliwakuta kina mama wameketi na watoto chini ya mgunga. Muuguzi aliwasili kwa pikipiki, sanduku la baridi limefungwa nyuma yake. Chanjo hizo sharti zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8 za joto, na jua la Nuu halina huruma. Basi hakungoja hata chai. Mama mmoja alikuwa ametembea tangu kabla ya mapambazuko, mtoto mgongoni, kwa ajili ya chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18. Tulimuuliza kwa nini hakungoja siku ya kupata usafiri. Akatujibu, "Mzee, ile ya kwanza niliifuata kwa miguu hii hii. Nikiiacha ya pili, nitakuwa nimetembea nusu ya njia."

Neno hilo lilitutia haya, nasi hatuna budi kusema sababu yake. Miaka iliyopita, baada ya darsa, mama mmoja wa mtaani kwetu alitusimamisha akauliza, "Maalim, ni kweli hizi sindano zinakata kizazi?" Hatukuwa na elimu ya jambo hilo, wala hatukujishughulisha kuitafuta. Tulisema "Allahu aalam" tukaenda zetu. Yeye akafahamu kuwa tumekataza. Mwanawe akapatwa na surua. Akapona, lakini macho yake hayakurudi kama yalivyokuwa. Mama huyo hajatulaumu hata siku moja. Sisi hatujaacha kujilaumu. "Allahu aalam" ni neno tukufu, ila kwa aliyeweza kuuliza na asiulize, huwa ni pazia la uvivu.

Ukambani yanajulikana maradhi ya kuambukiza. Njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19, iliyoitwa Ngomanisye, iliandamana na ndui, na watu wengi mno wakafa. Leo ndui haipo duniani. Mtu wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Muislamu wa pwani kama sisi: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Hakuwa amechanjwa, maana aliogopa maumivu ya chanjo. Alipona, waliomzunguka wakachanjwa, na ugonjwa ukakatika hapo. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa umetoweka. Uzeeni, Ali alizunguka akiwahimiza wazazi wawachanje watoto wao polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013, akiwa bado katika kazi hiyo.

Wako wanaosema kuwa kinga ni kukosa tawakkul. Na wakumbuke safari ya Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alipokuwa akielekea Sham. Alipofika Sargh alipata habari ya tauni, akashauriana na masahaba, kisha akarudi. Alipoulizwa iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anaitoka kadari Yake kuiendea kadari Yake. Aliyechanja mwanawe naye hajatoka katika kadari.

Tena surua ni nyepesi mno kuambukiza. Ili ikose njia, katika kila watoto 100 yapasa 95 wawe wamepata chanjo zote mbili. Kichanga ambaye hajafika miezi 9 kinga yake ni watoto wa jirani waliochanjwa. Na barabara iliyotupeleka sisi Nuu kwa siku moja yaweza kuileta surua kwetu, au kuitoa kwetu kuipeleka kwao.

Basi kila nyumba ikifunguliwe kijitabu cha mtoto leo. Tazameni miezi 9, kisha tazameni miezi 18, maana hapo ndipo wengi husahau. Msimsahau na binti wa miaka 10: chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilizinduliwa nchini papa hapa Mombasa, Oktoba 2019. Zote hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Mwenye shaka na amuulize muuguzi, wala asitosheke na uvumi, wala na ukimya wa shehe.

Tuliporudi tulikwenda kupiga hodi kwa mama yule wa mtaani, tukamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Maalim, mimi nimesamehe. Lakini waambie wenzangu."

Nasi tumewaambia. Wabillahi tawfiq.