TANGA LINALOVUTWA KWA REDIO

Watu wengi wakisikia habari za mashua ndogo inayoongozwa kwa redio hudhani ya kuwa redio ndiyo inayoisukuma. Sivyo. Redio haisukumi kitu. Kinachosukuma ni upepo, na upepo haupokei amri ya mtu. Kwa hiyo nimeona ni vema niwaeleze wasomaji wa gazeti letu namna sisi wa chama cha Sayansi tulivyofunga matanga ya mashua yetu muhula huu, na kwa nini sehemu kubwa ya kazi ilifanywa nchi kavu.

Mashua yenyewe tuliichonga kwa mbao ya paina ya msitu wa Sao Hill, urefu wake sentimita 80. Mlingoti ni ufito wa mwanzi, jamii ileile ambayo wazee wa Iringa huigema ulanzi, maana ni mwepesi tena haukatiki upesi. Matanga tuliyakata katika kitambaa cha mwavuli uliovunjika, na kamba zote ni uzi wa kuvulia samaki. Vitu hivyo havikutugharimu sana. Kilichotugharimu ni redio: rimoti, kipokezi chake, betri, na mota mbili ndogo zenye mikono. Fedha hizo wanachama walizichanga kidogo kidogo muhula mzima, wengine wakaacha hata kununua maandazi. Kama chombo kingepotea majini, Kidato cha Tatu wasingerithi kitu kwetu.

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Kilwa, alipenda tufunge tanga la kipwani lenye foromali, kama la jahazi. Tanga hilo lina sifa tangu kale, na watoto wa pwani hulifunga katika ng'alawa zao za kuchezea wakashindana. Walakini jahazi linapogeuka ili lipokee upepo kwa ubavu wa pili, mabaharia huivusha foromali kutoka upande mmoja wa mlingoti mpaka upande wa pili, nayo ni kazi ya watu wengi wenye nguvu. Chombo chetu kina mikono miwili tu: mota moja imeshika usukani, na ya pili imeshika demani, yaani kamba ya kuvutia na kulegezea tanga. Mwenzetu alifikiri kidogo, akacheka, akasema, "Kweli, ndugu zangu, nahodha wenu hana mabaharia." Basi tukachagua matanga mawili ya pembetatu, kubwa nyuma ya mlingoti na dogo mbele yake, ambayo hujigeuza yenyewe upepo ubadilipo upande.

Demani ndiyo iliyotutoa jasho. Mkono wa mota una urefu wa sentimita 6, nao huzunguka nyuzi 90 tu. Kwa hesabu ya pembetatu tuliyofundishwa darasani, kutoka mwanzo hata mwisho ncha yake husogea karibu sentimita 8 na nusu. Lakini tanga kubwa halina budi kufunguka mpaka nyuzi 80 hivi chombo kinapokwenda na upepo, na kuvutwa mpaka karibu na katikati kinapobisha, yaani kinapopanda juu ya upepo kwa kukata pembe huku na huku. Demani ikifungwa mwisho wa ufito ulio chini ya tanga, tanga hufunguka kidogo tu. Tulikokotoa tukaona ya kuwa mahali pake ni sentimita 6 na nusu kutoka kwenye mlingoti. Hapo kamba yatosha, ila mota hubeba mzigo mzito zaidi, kama mtu asukumaye mlango karibu na bawaba, nayo betri huisha mapema.

Jambo la pili ni mizani. Mlingoti ukiinamia nyuma, omo ya chombo huelekea upepo unakotoka; ukiinamia mbele mno, chombo huukimbia upepo. Katika bwawa la bustani ya shule tulikaza na kulegeza kamba ya mbele ya mlingoti mara nyingi, mpaka chombo kilipoachwa bila usukani kikawa chaelekeza omo kwenye upepo polepole, matanga yakapepea, nacho kikasimama. Tabia hiyo hatukuiondoa yote. Chombo kisichopata amri ni heri kisimame kuliko kitoroke.

Tena iko hewa ya nchi yetu ya juu. Mufindi ni mita 1,800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Upepo wa kasi ileile, basi, husukuma tanga kwa nguvu iliyopungua kiasi hicho. Kwa sababu hiyo tulilipanua tanga kubwa.

Jumamosi moja mwishoni mwa Mei mwalimu wetu alitupeleka kwenye bwawa lililo katikati ya mashamba ya chai ya Mufindi. Kusi ilikuwa imekwisha kuanza, na baridi ni kali. Amri ilikuwa moja: mwanafunzi yeyote asiingie majini. Wengi walitaka tusimame upande upepo unakotoka, penye nyasi nzuri, lakini yule wa Kilwa alikataa. "Simameni upepo unakokwenda," alisema. "Chombo kikiwashinda, upepo utawarudishia."

Chombo kilibisha vizuri mpaka mbali, kikageuka, kikarudi na matanga yamefunguka pande mbili. Tulipiga makofi. Safari ya tatu upepo ulizidi nguvu, mota ikalemewa na demani, na betri ikaisha. Rimoti haikujibiwa tena. Tukanyamaza wote. Chombo kilielekeza omo kwenye upepo, matanga yakapepea kama vitambaa kwenye kamba ya nguo, kisha kikaanza kurudi kinyumenyume, polepole, mawimbi madogo yakikisukuma. Mwalimu alitazama saa yake. Baada ya dakika 22 tulikitoa katika majani ya ukingoni kwa mkono, bila mtu kulowa zaidi ya viatu.

Sisi wa Kidato cha Nne twauendea mtihani wetu wa mwezi wa Novemba, na chombo sasa ni cha Kidato cha Tatu. Wachukue betri ya pili kila waendapo, na wafunge demani kabla ya kuzungumza habari za mbio. Daftari la vipimo liko katika kabati la maabara. Twawaomba walisome kwanza, ndipo waguse rimoti.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne