Bei Niliyomtajia Baba

Baba hajawahi kupanda ndege. Lakini tangu 1996 anajihesabu mwenye ndege, na ukimtembelea kwetu Kaloleni, hapa Voi, hutamaliza kikombe cha chai kabla hajakwambia.

Mwaka huo serikali ilipouzia umma sehemu ya Kenya Airways, hisa moja ilikuwa shilingi 11.25. KLM ya Uholanzi ilikuwa tayari imechukua asilimia 26. Baba, karani wa reli, akachukua hisa 800. Shilingi 9,000. Mama alikuwa amezipangia mabati. Tukanyeshewa misimu miwili zaidi, tukisogeza vitanda usiku, na Mama hakusema kitu. Alikuwa anasogeza tu ndoo.

Na kwa muda, Baba alikuwa sahihi. Mwaka 2006 hisa moja ilipita shilingi 100. Majirani wakamwambia, "Uza, mzee." Akakataa. "Hii ni mali ya watoto." Watoto ndio sisi.

Halafu zikaja hasara. Mwaka wa hesabu wa 2015, zaidi ya bilioni 25. Uliofuata, zaidi ya bilioni 26. Mwaka 2017 madeni yakageuzwa kuwa hisa: serikali ikawa na asilimia 48.9, mabenki 38.1, KLM 7.8, wafanyakazi 2.4. Wanahisa wengine wote, ambao awali walikuwa na zaidi ya asilimia 40, wakabaki na 2.8. Hisa zenyewe zikakunjwa, nyingi zikawa chache. Baba alisoma barua hiyo barazani, akaikunja vizuri, akairudisha kwenye faili.

Julai 2019 Bunge likaunga mkono shirika lirudi mikononi mwa serikali. Julai 2020 biashara ya hisa hizo ikasimamishwa sokoni, bei ikiwa imegota kwa 3.83. Swali la wanahisa wadogo likawa moja: tutalipwa ngapi? Mwenye kuuziwa ng'ombe kwa bei ya kutupa angalau anaweza kumfungua kamba akarudi naye nyumbani. Hawa ng'ombe wao alikuwa amefungiwa ndani, na mnunuzi hajataja bei.

Kila nikipiga simu kutoka Nairobi, ilikuwa hisa. Nikiuliza presha, hisa. Nikiuliza mvua, hisa.

Desemba 2021 nilikwenda nyumbani. Jioni, akiwa amefungua lile faili mara ya tatu, nikachoka. Nikamwambia, "Baba, mimi nakupa elfu mbili. Nazinunua zote. Tufunge hii stori."

Kwa hesabu ya soko, nilikuwa namzidishia. Zilizobaki hazikufika hapo. Hilo nilikuwa nimeshalipiga kwenye simu yangu kabla sijafungua mdomo. Ndiyo maana nilijiona mwema.

Baba alinitazama muda. Kisha akasema, polepole, "Hata serikali haijanitajia bei kama hiyo."

Mama, aliyekuwa akichagua mchele, akasimamisha mkono. Nilitarajia atanitetea. Yeye ndiye aliyekosa mabati. "Mwombe babako msamaha," akasema. Basi.

Usiku ule nikilala chini ya mabati ambayo Baba hatimaye aliyanunua kwa malipo yake ya kustaafu, nilielewa nilichofanya. Mimi nilikuwa nahesabu hisa. Yeye alikuwa na ndoo zile, usiku zile, na mke ambaye hakumlaumu. Nilikuwa nimeviwekea bei vyote, tena mbele ya huyo mke.

Mpango wa serikali haukufika mwisho. Januari 2025 hisa zikarudi sokoni, na Machi shirika likatangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10. Nikampigia Baba.

"Sasa unaweza kuuza," nikamwambia. "Soko liko wazi."

Akanyamaza. Nikasikia treni ikipita upande wake.

"Wewe," akasema, "ulisema utanipa ngapi?"

Kisha akacheka mpaka akakohoa, na nyuma yake nikamsikia Mama naye akicheka.