Ndani yumo nani?

Leo naomba tuiache kidogo siasa na bei ya korosho, tuongee habari za roboti. Najua wapo watakaoguna: "Huyu naye! Watu wa Kitaya wanawaza mamba wa Ruvuma, yeye anatuletea mambo ya Wazungu na Wajapani." Subirini kwanza. Habari hii ni ya kwetu kuliko mnavyodhani.

Nazungumzia zile roboti zinazotengenezwa kwa sura ya binadamu. Zina macho, midomo na ngozi ya mpira, zinatabasamu, na ukiziuliza swali zinakujibu. Inayojulikana zaidi ni Sophia, ya kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong, iliyowashwa mara ya kwanza mwaka 2016. Oktoba 2017 Saudi Arabia ikatangaza kuipa uraia. Mei 2019 ikaletwa Kigali kwenye mkutano wa Transform Africa, ikiwa imevaa mushanana, vazi la heshima la akina mama wa Rwanda. Mwaka 2022 kampuni ya Uniccon ya Nigeria ikatoa ya kwao, Omeife, na miongoni mwa lugha ilizofundishwa Kiswahili kimo. Kwa hiyo msidhani lugha itatukinga.

Tena majirani zetu wa Congo walishatangulia kuziweka kazini. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha roboti za kuongoza magari katika makutano ya barabara za Kinshasa. Ni madude ya alumini yenye urefu wa mita mbili na nusu hivi, yanatumia umeme wa jua, yanageuza kifua na kuinua mikono kama trafiki. Hakuna atakayeyadhania kuwa ni watu. Lakini yana jambo moja ambalo kila dereva wa Afrika atalielewa bila kufafanuliwa: huwezi kuyapa "ya soda".

Sasa turudi kwetu. Kiswahili kina ubishi wake hapa. Mwingereza anaweza kuzungumzia kitu bila kuamua kama ni mtu au la, lakini sisi hatuwezi kumaliza hata sentensi moja. Lazima uchague: roboti "hii" au roboti "huyu"? "Imefika" au "amefika"? Sanamu tunasema hii. Hata maiti, aliyekuwa na roho jana, wengi wetu tunasema hii. Lakini sikilizeni redio na luninga zetu: Sophia "amesema", Sophia "amewasili". Uraia wa Saudia ulitangazwa mara moja, sisi kwa ulimi wetu tunautoa kila siku bila hata kikao.

Nilipokuwa Kitaya kwa kazi zangu nyingine, nilimwonyesha mzee mmoja video ya roboti hizi kwenye simu. Nilitegemea ashangae. Akaishika simu mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akatazama mpaka mwisho, akanirudishia.

"Mjukuu wangu, ndani yumo nani?"

"Hamna mtu babu, ni mashine."

"Mashine sawa. Nauliza ndani yumo nani."

Kwa mtu asiyeijua Mtwara, swali hilo ni la mshamba. Kwa Mmakonde ni swali la msomi. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wamekuwa wakitengeneza watu wa bandia kwa muda mrefu sana. Lipiko, au mapiko yakiwa mengi, ni kinyago kinachovaliwa kichwani kama kofia nzima. Huchongwa kwa mti mwepesi, kikawekwa chale za usoni, mara nyingi na nywele za binadamu halisi. Mchezaji huona kwa kupitia mdomo wa kinyago, na mwili wake hufunikwa nguo kila mahali, ngozi isionekane hata kidogo. Kuna hata vinyago vya kifua na tumbo la mwanamke mjamzito, na anayevivaa ni mwanamume. Wageni walivitamani tangu enzi za Mjerumani. Kimoja kiliibwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1984, kikarudishwa na jumba moja la makumbusho la Geneva mwaka 2010.

Lipiko lilipotoka, akina mama na watoto waliambiwa ni mfu aliyefufuka. Wakakimbia. Kisha mvulana akaingia jandoni, na miongoni mwa mambo aliyofundishwa ni hili: ndani yumo mtu. Huenda ni mjomba wako. Hapo ndipo utoto ulipokwisha. Na nadhani akina mama wengi walijua siku zote, wakakimbia kwa heshima ya ngoma tu.

Mwaka 1970 Mjapani Masahiro Mori aliandika kwamba mashine ikifanana na mtu tunaipenda, lakini ikifanana mno bila kufika tunashtuka. Wachongaji wa Umakonde wangempa kiti wakamwambia, karibu, hilo sisi tunalitumia. Hofu hiyo waliijua, wakaipangia siku yake, uwanja wake na mtu wa kuisimamia. Lipiko likimuumiza mtoto, wazee wanajua pa kwenda kuuliza.

Basi nikalichukua swali la babu na kulipeleka kwenye roboti. Jibu ni kwamba mara nyingi yumo mtu kweli.

Oktoba 2024 kampuni ya Tesla ilifanya sherehe California, roboti zake zikagawa vinywaji na kupiga soga na wageni. Baadaye ikajulikana kuwa binadamu walikuwa wakizisaidia kwa mbali. Oktoba 2025 kampuni ya 1X ikaanza kupokea oda za roboti ya nyumbani iitwayo NEO kwa dola 20,000, au dola 499 kwa mwezi. Ikishindwa kazi, mfanyakazi wa kampuni huvaa miwani maalumu akaiongoza kutoka alipo, akiona kwa macho ya roboti. Yaani mtu usiyemjua yumo jikoni kwako, anakunja nguo zako, na sura unayoiona si yake. Hilo ni lipiko kabisa, tofauti ni kwamba huyu hana mjomba kijijini.

Na kwenye ubongo wa hizi mashine zinazoongea? Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa na kampuni ya Sama kusoma maandishi machafu kupindukia, ya ukatili na ubakaji, ili mashine ya ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Mashine inatoka na adabu nzuri. Aliyeimeza ile takataka ni kijana wa Kenya, na jina lake halimo popote kwenye lebo.

Hapa ndipo ninapoogopa, si pale sinema zinapotuambia tuogope. Mabinti wa pwani yetu wanaendelea kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, na wapo wanaonyang'anywa pasi wakifika. Kesho binti huyohuyo anaweza kuajiriwa abaki Mtwara mjini, avae miwani, aoshe vyombo vya Muscat kwa mikono ya roboti. Pengine itakuwa nafuu, atalala kwao na hakuna wa kumpiga. Lakini mwajiri hatamwona uso hata siku moja, na asiyeonekana ni rahisi kumdhulumu. Atasifiwa roboti.

Upande mwingine ni kuaminiana. Kitaya mtu mgeni haulizwi jina tu, anaulizwa "wewe wa nani?", mtoto wa nani, umefikia kwa nani. Swali hilo lina uzito. Oktoba 2020 watu wenye silaha kutoka upande wa Msumbiji walikivamia kijiji hiki, wakaua na kuchoma nyumba. Mpakani watu wanajua thamani ya kumtambua mtu kabla hajafika mlangoni. Tayari tuna matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na sasa sauti ya mtu inaweza kuigwa. Siku sura nayo ikiigwa ikakaa kwenye kiti barazani, bibi atamjuaje mjukuu?

Sisemi tuzikatae. Mgonjwa asiye na wa kumgeuza kitandani hatajali mikono ni ya nyama au ya plastiki, na mwenye afya asimsemee. Ninachosema ni kwamba yatupasa kuzipokea kama wazee walivyolipokea lipiko, kwa masharti. Ijulikane ni ya nani. Ijulikane kama ndani yumo mtu, anatazama nini na analipwa kiasi gani. Ijulikane ikidhuru tunakwenda kumuuliza nani. Haya ni ya kuandikwa kwenye sheria kabla boksi la kwanza halijashushwa bandarini, maana likishashushwa tutakuwa wale watoto wanaokimbia hovyo uwanjani.

Mpaka nijibiwe hayo, mimi nitaendelea kuandika roboti "hii". Neno "huyu" namtunzia yule kijana aliyemo ndani.

Nanyi wenzangu mnasemaje? Hii au huyu?