Wanaume wa Mtongwe, Nani Anawakanda?

Haya wasee, leo tuongee masaji. Ndio, chekeni mmalize. Huku kwetu Mtongwe ukitaja masaji mbele ya vijana, lazima mmoja amkonyeze mwenzake. Wanawaza mambo ya chumbani tu. Kwani tumesahau hii kitu ni yetu?

Mwanamke wa Pwani akijifungua, ndani ya zile siku 40 anakandwa kwa maji moto na kuchuliwa kwa mafuta. Mtoto naye nyanya yake anamkanda, anamnyoosha miguu, mpaka analala fofofo. Na si mambo ya wazee tu. Mwaka wa 1986, Tiffany Field na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Waliokandwa dakika 15, mara 3 kwa siku, kwa siku 10, waliongeza uzito kila siku kwa asilimia 47 zaidi ya wale ambao hawakukandwa.

Sasa tuangalie sisi wanaume. Unakandwa ukiwa mchanga, halafu basi. Unabeba magunia, unaendesha boda, unasaka vibarua bandarini, na hakuna anayekugusa kwa upole mpaka siku unaoshwa ukiwa maiti. Hapo katikati ni miaka mingapi?

Mimi tangu niache chuo, kazi yangu ni kuinamia simu nikihariri video. Mwaka jana mabega yalikuwa magumu kama mbao, usingizi hakuna, hasira kwa kila mtu. Nyanya hakuniuliza kitu. Alipasha mafuta ya nazi, akanikalisha mkekani, akaanza kunichua shingo. Baada ya muda nikajikuta nalia. Hakusema nyamaza. Aliendelea tu. Usiku huo nililala mpaka adhana ya alfajiri.

Sisemi masaji inatibu kila kitu. Mawazo yakikulemea mpaka huoni sababu ya kuishi, tafuta mtu uongee naye, na uende hospitali. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na maumivu, usiuchue. Huenda damu imeganda ndani, hiyo ni ya daktari.

Lakini mabega yaliyokaza kwa kazi na mawazo? Hayo tunaweza wenyewe. Leo ndugu yako akirudi kibaruani, pasha mafuta, mchue mabega. Akicheka, mwache acheke, wewe endelea.