Baba anavua kwa mshipi

Kwenye zoezi la tafsiri tulipewa sentensi ya Kiingereza: mzee ameketi ufukweni na fimbo yake ya kuvulia. Mimi mtoto wa Tanga nikaandika fasta, "anavua kwa mshipi." Darasa zima likaangua kicheko. Kwao mshipi ni mkanda wa suruali tu, basi wakamwona mzee anawachapa samaki mkanda! Alama nikakatwa.

Jioni nikampigia baba. "Mshipi ni uzi, mwanangu. Mwishoni ndoana na chambo, juu kidogo chubwi ya risasi iuzamishe. Fimbo sijawahi kushika. Ngalawani mshipi uko mkononi, samaki akidonoa unamsikia kidoleni."

Kumbe kweli nilikosea, fimbo si mshipi. Ila na wao wafungue kamusi, maana zote mbili zimo.

Kilichonichoma ni kingine. Tangu mwaka wa kwanza nawaambia wenzangu wa chumbani kwamba mzee wangu "anafanya biashara", wakati bumu likichelewa mimi naishi kwa changu na tasi zake. Juzi nawaeleza habari za chubwi, mmoja akauliza, "We umejulia wapi yote hayo?"

Nikamwambia, baba yangu mvuvi.