Jeshi Jipya, Lugha Ileile

Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, Idi Amin alikuwa ametoroka na jeshi lake limesambaratika. Askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania ndio waliosalia kushika doria huku Uganda ikijitafutia jeshi lingine. Kiini cha jeshi hilo, UNLA, kilikuwa wapiganaji wa uhamishoni walioingia pamoja nao; waliobaki walisajiliwa upesi mno, kila kiongozi akivuta wa kwao.

Lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili, na hapo ndipo penye kinaya. Kwa wengi kusini mwa nchi, Kiswahili kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani na kitako cha bunduki. Mtanzania naye alikitumia sokoni na kuwaamkia wazee. Gwaride hufundishika kwa lugha yoyote. Utiifu kwa katiba (naam, hilo ndilo gumu) mgeni hana namna ya kuuamrisha.

Mei 1980 Rais Godfrey Binaisa alijaribu kumwondoa mnadhimu mkuu, David Oyite-Ojok, ili amfanye balozi. Tume ya Kijeshi ikamng'oa Binaisa mwenyewe, na Watanzania, waliokuwa na nguvu za kuzuia, hawakuzuia.

Wengi wao walirejea kwao kufikia 1981. Julai 1985 jeshi walilolilea liliipindua serikali ya Milton Obote. Januari 1986 nalo likafurushwa Kampala na wapiganaji wa Yoweri Museveni, ambao pia waliamrishana kwa Kiswahili.