Nasaha kwa Mwanangu Anayetaka Simu Mpya

Mji wa Kale, Mombasa

Kwa mwanangu mpendwa,

Waraka wako tumeupokea, tukafurahi kusikia kuwa masomo yako huko Nairobi yanakwenda vyema. Umeniomba rai yangu, mimi ami yako, juu ya simu unayotaka kuinunua kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo kila siku, ilhali ile uliyo nayo ingali yafanya kazi ijapokuwa betri yake haikai na chaji. Na kwa kuwa umeuliza kabla ya kutenda, jambo ambalo ni alama ya busara, nami sitakujibu kwa neno moja tu, bali nitakueleza mambo ambayo yapasa Muislamu ayapime kabla ya kutoa mali yake.

Usidhani, mwanangu, kuwa wazee huvichukia vitu vipya kwa kuwa ni vipya. Katika mji wetu huu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alianza mwaka 1930 kutoa kijigazeti alichokiita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa al-Islah, akawaamsha Waislamu wa pwani kwa kalamu, akiwafikia hata wale wasiohudhuria darsa zake. Lakini yeye alijua kwanza alitakalo, kisha ndipo akatafuta chombo cha kulitimizia. Nasi leo wengi wetu hununua chombo kwanza, kisha tukaanza kutafuta kazi ya kukipa.

Maulamaa wa usuli, miongoni mwao Imamu al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, wameyapanga maslahi ya mwanadamu katika daraja tatu: dharura, ambazo zikikosekana maisha au dini huharibika; kisha haja, ambazo zikikosekana mtu hupata dhiki; kisha mapambo, ambayo hupendeza lakini kuyakosa hakumdhuru mtu. Simu kwa mwanafunzi aliye mbali na kwao, anayepokelea masurufu yake humo na kusomea humo, ni haja bila ya shaka, na wala sitaki uone haya kuimiliki. Ama kamera ya tatu juu ya mbili zilizopo, na jina linaloandikwa mgongoni mwa simu ili wenzio walione, hayo ni mapambo, na pambo likinunuliwa kwa mali isiyokuwapo huwa limeshavuka mpaka likaingia katika israfu. Katika Sura ya al-Furqan, aya ya 67, waja wema husifiwa kwa kuwa matumizi yao si ya ubadhirifu wala si ya ubahili, bali hukaa baina ya hayo mawili. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kuwa katika mambo ya dunia tumtazame aliye chini yetu, tusimtazame aliye juu yetu, ili tusije tukazidharau neema tulizo nazo.

Tena uitazame vyema kasoro ya simu yako kabla ya kuihukumu. Betri za namna hii huchakaa kwa kutumika, na nyingi katika hizo, zikishajazwa na kumalizwa mara kama 500, hubaki na kiasi cha asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo, kisha huendelea kushuka. Basi mtu huona simu yote imekufa, kumbe kilichozeeka ni kipande kimoja tu, ambacho fundi mwaminifu hukibadilisha kwa sehemu ndogo ya bei ya simu mpya.

Sasa nije kwenye malipo, kwani hapo ndipo penye khofu yangu kubwa. Kuuza kitu kwa malipo ya muda kwa bei iliyo kubwa kuliko ile ya taslimu si riba mbele ya mafakihi walio wengi, maadamu bei moja imekatwa na kujulikana siku ya kufunga mkataba. Na Baraza la Fikihi la Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1990, lilipitisha hayo hayo, likabainisha pia kuwa haijuzu kumtoza mdaiwa ziada yoyote kwa sababu ya kuchelewa. Basi usikubali mkataba huo kabla ya kuusoma wote. Zidisha malipo ya kila siku kwa idadi ya siku zake, ujumlishe na arubuni utakayotoa, kisha ulinganishe na bei ya taslimu, ili ujue hasa unanunua kwa kiasi gani. Na ukikuta sharti la kuongezwa deni kila unapochelewa, jua kuwa hiyo ni riba, ingawa wenyewe wataiita ada au faini. Zingatia kadhalika kuwa simu nyingi za mpango huu hufungwa kutoka mbali mara malipo yanapokatika, hata siku utakayokosa shilingi ndiyo siku utakayokosa masomo yako na njia ya kumwarifu mama yako kuwa umekwama. Na deni lenyewe si jambo jepesi: Mtume aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni la dinari chache asiache cha kulilipia, akawaambia masahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada alipolidhamini lile deni, ndipo naye akamswalia. Deni la haja lina ruhusa yake. Deni la fahari sikuoni na udhuru wa kulibeba.

Liko pia jambo jingine, ambalo dukani halionekani. Betri za simu aghalabu huwa na madini ya kobalti, na kiasi cha asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika jimbo la zamani la Katanga, upande wa Kolwezi, ambako watu huzungumza Kiswahili kama sisi. Sehemu kubwa huchimbwa na makampuni kwa mitambo, walakini iko sehemu inayochimbwa na wanyonge kwa sululu, ndani ya mashimo ambayo huporomoka na kuwafukia. Na mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilieleza habari za watoto wanaookota na kuosha mawe hayo kwa ujira duni. Sisi tuliohimizwa kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka hatuwezi kujifanya hatukusikia. Sikuambii kuwa simu ni haramu kwa sababu hiyo, kwa kuwa dhuluma ile hukuitenda wewe. Nakuambia kuwa kila simu itupwayo kabla ya wakati wake hufanya nyingine ichimbiwe madini, nayo iliyotupwa huongeza taka za vyombo vya umeme, ambazo mwaka 2022 zilifika tani milioni 62 duniani, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kuwa imekusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kuitunza uliyo nayo ni insafu iliyo katika uwezo wako.

Na ukiamua kununua simu iliyotumika, nunua kwa mtu anayejulikana na akupe risiti. Bonyeza *#06#, ulinganishe nambari itakayotokea na ile ya kwenye boksi. Na bei ikiwa ndogo kupita kiasi, na muuzaji ana haraka, ondoka, kwani kununua mali ya wizi hali unashuku ni kushiriki katika dhuluma.

Basi rai yangu ni hii: badilisha betri, uendelee na simu yako, na kila mwezi uweke kando kile ambacho ungekilipa katika deni, ikifika siku ya kuharibika kweli, ununue kwa taslimu ile inayokidhi haja yako. Kumbuka, mwanangu, kuwa siku ya Kiyama mja ataulizwa juu ya mali yake, aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Nunua kitu ambacho jibu lake unalo tangu leo.

Wasalaam,
Ami yako akupendaye